Lupango ya miti ya maziwa ikianza kulala: sababu yake, namna ya kuikata, na hatari ya macho

Mvua za mwezi wa tatu zikianza Bunia na huko Irumu, kuna jambo linaloonekana kila mwaka: lupango ya miti iliyosimama vizuri wakati wote wa kiangazi, asubuhi moja inakutwa imelalia kiwanja cha jirani. Wengine wanalaumu upepo. Wengine wanamlaumu jirani mwenyewe, kwamba amechimba karibu na mizizi. Mara nyingi kosa si la upepo wala la jirani. Mti ulishajiandaa kuanguka tangu zamani, na sisi wenyewe tuliusaidia kwa panga.

Tunazungumza juu ya ule mti wa kijani usio na majani ya kuonekana, wenye matawi membamba ya mviringo kama kalamu, unaotoa maziwa meupe ukivunjwa. Wenye kuchukua jina la Kifaransa husema eforbia, wengine husema tu mti wa maziwa. Ndugu zetu wa pwani ya Kenya na Tanzania wanauita mnyaa, na Wanyarwanda wanauita umuyenzi. Jina lake la kitaalamu ni Euphorbia tirucalli, ambalo Carl Linnaeus aliliandika mwaka 1753. Hiyo tirucalli ni neno la watu wa Malabar, kule India. Mti ni wa Afrika lakini unatembea na kitambulisho cha Kihindi, hayo ni mambo ya wasomi.

Kwa nini watu wanaupenda, kila mkaaji anajua. Hauombi pesa. Unavunja tawi, unalichomeka, linaota. Mbuzi hali, ng'ombe hali, mchwa hausumbui kama anavyosumbua nguzo za mbao. Kwenye fasi za wafugaji unazungushiwa zizi, na mjini unafunga paseli ya mtu asiye na uwezo wa kununua matofali. Mwizi naye anajua maziwa yake yanafanya nini machoni.

Basi, juu ya nini unalala?

Mti huu ni wa jamii ya mimea inayoweka mayi ndani ya mwili wake. Sehemu kubwa ya uzito wa tawi bichi ni mayi. Wakati wa kiangazi, kuanzia mwezi wa kumi na mbili hadi wa pili, unatumia akiba yake na unakuwa mwepesi kidogo. Mvua ikirudi, unakunywa haraka na kujaa. Matawi ya juu yanakuwa mazito siku zilezile ambazo udongo wa chini unalainika na kuwa matope. Uzito unaongezeka juu, nguvu ya kushika inapungua chini. Upepo wa mvua za kwanza unakuja kumalizia kazi iliyokwisha kuanza.

Halafu kuna mizizi. Karibu malupango yote tumeyapanda kwa kuchomeka matawi, si kwa mbegu. Tawi lililochomekwa halina ule mzizi mkuu unaoshuka chini kama msumari. Linatoa mizizi ya pembeni, mingi inayotambaa karibu na uso wa udongo. Kwa mti wa mita moja na nusu, hiyo inatosha kabisa. Kwa mti wa mita tano au sita, haitoshi. Na ukiachwa bila kuguswa, unafika huko. Kuna inayopita mita nane.

Sasa jambo la tatu, ambalo ndilo kubwa, na ambalo watu wengi hawalifikirii: namna tunavyoikata. Mtu anapita na panga kila mwaka, anafyeka ncha za juu kwenye urefu uleule, labda pale mkono wake unapofika. Kila ncha inayokatwa inajibu kwa kutoa machipukizi kadhaa kwenye kidonda. Mwaka unaofuata yale nayo yanakatwa palepale. Baada ya miaka mitano, juu kumekuwa kama kitambi cha nywele zilizofungana, na chini kumebaki miguu mitupu, kwa sababu kivuli cha juu kimeua matawi ya chini. Mfikirie mama aliyebeba beseni la samaki kichwani. Akisimama wima, anatembea mpaka soko bila shida. Akiinamisha shingo kidogo tu, beseni linamvuta. Lupango yenye kichwa kikubwa na miguu myembamba iko vile: ikipata pembe ndogo ya kuinama, uzito wenyewe unaivuta mpaka chini.

Tena kuna kuinama kwa kutafuta mwanga. Lupango iliyopandwa chini ya mwembe au nyuma ya ukuta inarefuka upesi, inakuwa nyembamba, inaegemea upande wenye jua. Na kuna kuoza kwa shina: pale mayi ya kuogea au ya kuoshea vyombo yanapomwagwa kila siku kwenye mguu wa lupango, au pale tunaporundika takataka na udongo juu ya shina. Mti wa namna hii unavumilia njaa ya mayi kwa miezi. Kulowa kila siku hauvumilii. Ukibonyeza shina chini na likaingia kama avoka iliyoiva sana, hapo shida si uzito tena.

Kabla ya kushika panga, fikiria macho

Hii sehemu tunaomba isomwe na kila mtu, hata asiye na lupango.

Maziwa ya mti huu yanaunguza. Kwenye ngozi yanaleta wekundu, kuwasha na pengine malengelenge. Kwenye jicho ni jambo lingine kabisa. Mwanzoni unaweza kuhisi muwasho tu, halafu baada ya saa chache maumivu yanapanda, jicho linavimba, machozi hayakauki, na mwanga unauma. Kuna wanaopoteza uwezo wa kuona kwa siku kadhaa. Wengi wanaohudumiwa mapema wanapona ndani ya wiki moja au mbili. Anayechelewa, au anayetibiwa kwa vitu vya kuokota, anaweza kubaki na kovu juu ya kioo cha jicho, na hilo halifutiki.

Maziwa yakiingia jichoni: usisugue. Fungua jicho, mwaga mayi safi mengi, yapite ndani ya jicho na kutoka, dakika 15 kwa uchache, vizuri zaidi dakika 30. Mwenye kusaidia ainamishe kichwa cha mgonjwa upande wa jicho lililoumia, ili mayi yasipeleke sumu kwenye jicho la pili. Halafu kituo cha afya, siku hiyohiyo, hata kama maumivu yametulia. Mwambie muuguzi wazi kwamba ni maziwa ya mti, na kama unaweza peleka picha ya tawi kwenye simu. Maziwa ya mama anayenyonyesha, mafuta, chumvi, majani yaliyopondwa, hivyo vyote viache. Tunajua wazee wetu walivitumia, na nia ilikuwa nzuri, lakini vinaweza kuongeza vijidudu kwenye kidonda. Dawa ya macho iliyobaki nyumbani kwa ugonjwa mwingine nayo isiguswe.

Kwa ngozi, sabuni na mayi vinatosha, mradi isiwe baada ya nusu siku.

Wazazi, neno juu ya watoto. Kuvunja matawi na kupigana nayo ni mchezo wa zamani, na ndiyo njia rahisi ya mtoto kuumia jicho. Kuna na lingine. Mwaka 1958 daktari wa upasuaji Denis Burkitt, aliyekuwa akifanya kazi Kampala, alieleza ugonjwa wa uvimbe wa taya unaowapata watoto wa ukanda wetu wa Afrika. Leo kansa hiyo inabeba jina lake. Inajulikana kwamba virusi vya Epstein-Barr na malaria vinahusika. Watafiti wengine wameyashuku pia maziwa ya mti huu, kwa sababu kwenye maabara yaliweza kuamsha virusi hivyo. Haijathibitishwa kwamba kuishi ndani ya lupango ya namna hii kunaleta kansa, na hakuna mtu anayepaswa kung'oa lupango yake kwa hofu hiyo. Ila kumkataza mtoto asichezee wala asitafune matawi, hilo halina gharama.

Namna ya kuikata

Wakati mzuri ni kiangazi, mwezi wa kwanza na wa pili. Sababu ni mbili. Kidonda kinakauka haraka bila kuoza, na matawi utakayokata yatakuwa tayari kupandwa mvua zikirudi. Anayekata katikati ya mvua za mwezi wa tisa au wa kumi anaacha vidonda vilivyo wazi vikinywa mayi kila jioni.

Vaa nguo ya mikono mirefu, suruali, kofia, na kitu cha kufunga macho: miwani ya moto ya wale wa taksi-moto inafaa kabisa, hata miwani ya jua iliyo mipana ni afadhali kuliko macho matupu. Mikononi, glavu, kama hakuna, mifuko ya plastiki iliyofungwa kwenye kiwiko. Msumeno ni bora kuliko panga, kwa sababu panga linarusha matone. Simama upande unaotoka upepo. Na usikate tawi lililo juu ya kichwa chako. Tukirudia maneno hayo mara kumi si mengi: maziwa yanadondoka moja kwa moja kwenye uso wa anayetazama juu.

Kwa hiyo mti mrefu haukatwi kwa kupanda ngazi na kufyeka kileleni. Fungia kamba juu kadiri unavyofikia, mwenzako ashike kamba akiwa mbali, mbali zaidi ya urefu wa mti, nawe ukate shina kwenye usawa wa kifua au chini ya hapo. Kata kwa mshazari, ili mvua iteremke badala ya kukaa juu ya kidonda. Usihuzunike ukiona kisiki kimebaki kifupi. Mti huu unachipua tena kwenye shina la zamani.

Sasa, kila mtu atauliza: nikikata hivyo, si lupango yangu itabaki wazi, na wezi? Ndiyo maana usikate yote mara moja. Hesabu mashina: moja, mbili, tatu. La tatu likate kwenye goti, mengine yapunguzie kichwa tu. Kiangazi kinachofuata, chukua theluthi nyingine. Ndani ya miaka mitatu lupango yote imefanywa upya, na hakuna siku ambayo kiwanja kilikuwa uchi. Toka hapo ishike kwenye urefu wa mita moja na nusu hadi mbili, na umbo lake liwe pana chini kuliko juu, ili jua lifike mpaka kwenye miguu. Ukipita mara moja kwa mwaka, shusha mkato mwaka huu, pandisha kidogo mwaka ujao. Usirudi palepale kila mara, usije ukatengeneza tena kile kichwa cha nywele.

Matawi uliyokata ni mali. Chagua yaliyo imara, ya sentimita 30 hadi 50, yalaze kivulini kwa wiki moja au zaidi mpaka kidonda kikauke na maziwa yazibe. Mvua zikianza, yachomeke kwa kina cha sentimita 10 hadi 15, mstari wa pili upande wa ndani, kwa mpangilio wa kupishana na ule wa kwanza. Mistari miwili mifupi inashikana na kusimama kuliko mstari mmoja mrefu. Samadi nyingi usiweke. Karibu na zizi, ambako mbolea ni ya bure, ndiko mti unakua haraka, laini, na kuinama mapema.

Yanayobaki, yarundike mbali na njia na watoto, yakauke kabisa juani. Kuchoma yakiwa mabichi ni kosa, moshi wake unaunguza macho ya nyumba nzima. Kuyatupa mtoni ni kosa kubwa zaidi. Kuna fasi nyingi Afrika ambako wavuvi waliyatumia kuua samaki, kwa hiyo hayo si mambo ya kupeleka Shari au kwenye chemchemi ambako watu wanachota.

Ikiwa umeshalala

Mtu wa kwanza anayefika hutafuta mti wa kuegemeza. Si vibaya, lakini ukiegemeza bila kupunguza kichwa, umeongeza muda tu. Anza na kichwa: kishushe mpaka kwenye mita moja. Halafu ndipo uinue pole pole, urudishe udongo, ukanyage kwa kisigino, na uzungushie vigingi vitatu. Kamba isiguse shina. Weka kipande cha mpira wa ndani wa baiskeli katikati, na usikaze kama unafunga mbuzi. Baada ya miezi mitatu hivi fungua uone. Kamba inayosahaulika inaingia ndani ya shina na kulinyonga, na upepo wa mwaka ujao unavunja palepale.

Kama nusu ya mizizi au zaidi imekwisha kutoka nje, au shina limeoza chini, usipoteze nguvu. Kata juu ya sehemu iliyooza mpaka uone nyama safi, kausha, panda upya, na yale mayi ya kuogea yaelekeze fasi nyingine.

Kuna ule mwingine mkubwa, wenye miiba na pembe-pembe, uliogawanyika kama kinara cha mishumaa, unaoota wenyewe kwenye savana ya kuelekea Ziwa Albert. Huo ukifikia mita kumi na kuinama juu ya nyumba au waya za umeme, si kazi ya mtu mmoja na panga. Tawi lake moja lina uzito wa mtu mzima. Tafuta wanaojua, na watu watoke ndani ya nyumba kwanza.

Kwa maua ya kwenye bidoni na vyungu (kaktusi, eforbia za mapambo, shubiri iliyorefuka shingo) kanuni ni ileile kwa udogo. Bidoni ya plastiki ni nyepesi na nyembamba; hamishia kwenye chungu kipana cha udongo au simenti, weka kokoto chini na mchanga mwingi kwenye udongo, toboa matundu, mpe jua, na zungusha chungu kila wiki. Kikishainama sana, kata kichwa, kikae kivulini wiki mbili, kipande upya.

Anayerudi nyumbani baada ya kukimbia

Wakaaji wengi wa Irumu wanalijua hili. Unaondoka kijijini kwa sababu ya vita, unakaa Bunia au kwenye kambi mwaka, miaka mitatu. Unaporudi nyumba imeanguka, lakini lupango iko. Imepanda mita tano, imelalia njia, imeingia kwa jirani, na pengine yule jirani naye harudi tena, au amerudi mtu mwingine.

Hamu ya kwanza ni kusafisha yote. Tunaomba mtu asubiri. Vijijini, ambako wengi hawana karatasi ya kiwanja, ule mstari wa miti ndio ushahidi wa mpaka. Sheria ya ardhi ya tarehe 20 mwezi wa saba 1973 iliweka kwamba ardhi ni mali ya Serikali na raia anapewa haki ya kuitumia, lakini siku ya ugomvi chini ya mti, mzee wa kijiji haanzi na sheria. Anaanza na kuuliza lupango ilikuwa wapi. Tawi lililolala na kuota mizizi mita mbili upande wa pili linaweza kuonekana, baada ya miaka, kama mpaka mpya, na hapo ndipo maneno yanapozaliwa. Katika jimbo letu, tumeona maneno ya ardhi yanafika wapi.

Basi kabla ya kukata, mwite jirani, na kama hayupo, ndugu yake. Mwite shefu wa kijiji au wa kartie. Tafuteni pamoja visiki vya zamani. Shina la kwanza ni nene na lina gome la kijivu, ya baadaye ni membamba na ya kijani. Pigeni picha, wekeni mawe kwenye mstari wa zamani, halafu ndipo mkate. Panda upya kwenye mstari uleule, usisogee hata hatua moja.

Na usiingie ndani ya kichaka cha lupango iliyoachwa muda mrefu kwa kuruka-ruka. Kuna nyoka, na kwenye fasi zilizopiganiwa kunaweza kuwa na mabomu yasiyolipuka. Ukiona chuma usichokifahamu, usikiguse wala usikipige kwa panga. Rudi nyuma kwa kukanyaga palepale ulipokanyaga, weka alama mbali, zuia watoto, na umwarifu shefu au polisi.